Adhabu ya Mwizi: Je, Tunaijua Tunayoitaja?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila ninapowaambia wanafunzi wa vitivo vingine kwamba nasomea taaluma za Kiislamu, swali la kwanza ni lilelile: "Kwa hiyo nyinyi mnakata mikono?" Wasio Waislamu huliuliza kwa woga. Waislamu huliuliza kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mwenye woga huwa tayari kusikiliza jibu. Mwenye fahari anadhani jibu analo.

Makala hii imetokana na kauli moja iliyosemwa katika kikao cha jumuiya yetu muhula huu. Tulikuwa tunajadili kupigwa kwa kijana wa kantini katika hosteli yetu hapa Kampala. Ndugu mmoja, tena anayehudhuria darsa, alisema: "Sharia ingemkata mkono. Sisi tumempiga tu. Tumempunguzia." Wengi walicheka, na wachache wakasema takbir. Mwenyekiti akapitisha ajenda nyingine. Mimi nilibaki na kauli ile, nikarudi nayo chumbani, na nimeibeba kwa wiki kadhaa nikiipima kwa vitabu tunavyosoma. Naona haisimami hata kwa mguu mmoja.

Kwa wasiokuwepo, kisa chenyewe ni kifupi. Kijana wa miaka kama 18, anayetuletea chapati na chai vyumbani, alikutwa kwenye ngazi baada ya Isha akiwa na laptopu ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu ndani ya ndoo ya vyombo. Mtu akapiga kelele ya "mubbi", na kila anayeishi Kampala anajua neno hilo linavyofungua milango. Mlinzi alipofika, na mimi nikiwa nyuma yake, kijana alikuwa chini, jino la mbele limeng'oka, mkono umevimba. Alikuwa amekwisha "kukiri" laptopu na simu tatu nyingine. Laptopu ilirudi kwa mwenyewe usiku uleule, nzima. Kijana alipelekwa zahanati, kisha kituo cha polisi.

Sasa tuipime kauli. "Sharia ingemkata mkono." Ingemkata?

Aya ya 38 ya Suratul Maida iko wazi, na hakuna Muislamu anayeikataa. Lakini aya haikuteremka ikaachiwa watu wa kwenye ngazi. Mtume (s.a.w) aliifafanua kwa kauli na vitendo, na mafakihi wakakusanya masharti yake kwa uangalifu ambao ukiusoma kwa mara ya kwanza unashangaa. Mali lazima ifikie kiwango: robo dinari kwa jamhuri ya wanazuoni, yaani kama gramu moja ya dhahabu, au dirham 10 kwa Mahanafi. Laptopu inafikia, sina shaka. Mali lazima iwe imechukuliwa kwa siri kutoka katika hirz, yaani pahala inapohifadhiwa mali ya aina hiyo. Hapa kuna tatizo. Kijana hakuvunja kufuli wala kupanda dirisha. Alifunguliwa mlango kwa ridhaa, kama anavyofunguliwa kila siku, na mwenzake mwenye laptopu ambaye alikuwa kitandani amevaa visikilizi masikioni. Mtu aliyeruhusiwa kuingia ana hukumu nyingine kwa wanazuoni wengi, kwa kuwa hirz kwake imelegea.

Halafu ushahidi. Kule kukiri simu tatu kulitoka mdomoni mwa mtu anayepigwa. Kwa wanazuoni wengi, ukiri wa aliyetezwa nguvu ni maneno tu yasiyojenga hukumu, na kutoka kwa Umar (r.a) imepokewa kwamba mtu aliyeshindishwa njaa, akatishwa au akafungwa haaminiki hata juu ya nafsi yake. Baada ya hapo kuna kanuni ya kuzuia hudud kwa shubha. Najua mapokezi yanayoinyanyua kanuni hii hadi kwa Mtume (s.a.w) yana maneno katika isnadi zake, na ndugu zetu wapenzi wa isnadi hawatanisamehe nisipolisema hilo. Lakini mafakihi wa madh-hab makubwa wameifanyia kazi, na vitendo vya Mtume mwenyewe vinaiunga mkono. Alimrudisha Maiz mara kwa mara alipokuja kukiri zinaa. Safwan bin Umayya alipoibiwa shuka chini ya kichwa chake msikitini, akamleta mwizi kisha akaona uzito wa adhabu na kusema amempa shuka ile, Mtume (s.a.w) alimuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumfikisha kwake. Maana yake ni kwamba mlango wa kusamehe ulikuwa wazi njia nzima kutoka msikitini hadi mbele ya kadhi, na Mtume alitaka watu waujue.

Basi hata tungekuwa katika mji wenye kadhi wa jinai, kijana yule angekwenda kwenye taazir, adhabu ya makadirio ya hakimu, kama angethibitikiwa. Na hatuko katika mji huo. Katiba ya Uganda, ibara ya 129, inataja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Jinai haimo. Hakuna fakihi niliyemsoma aliyesema kwamba pasipo na kadhi wa hudud, basi hudud huhamia kwa wanafunzi wa ghorofa ya pili.

Sehemu ya pili ya kauli ndiyo mbaya zaidi: "Tumempunguzia." Hapa naomba tufanye hesabu, kwani fiqhi yetu ni elimu inayopenda hesabu.

Jino la mtu lina diya. Ni ngamia watano kati ya 100 wa diya kamili, yaani sehemu ya ishirini. Kwa wanaokadiria diya kwa dhahabu, dinari 1,000, jino moja ni dinari 50. Dinari ni gramu 4.25. Zidisha: gramu 212 na nusu za dhahabu. Nendeni mkaulize bei ya gramu moja katika duka la sonara mjini, kisha mniambie ni laptopu ngapi za wanafunzi zinaingia humo. Nilipopiga hesabu hiyo nilipata kwamba laptopu zote za ghorofa ile hazitoshi. Na hiyo ni diya tu. Aliyeng'oa jino kwa makusudi, asili ya hukumu yake ni kisasi, jino kwa jino, mpaka mwenye haki asamehe au apokee fidia. Rubayyi bint an-Nadr, mwanamke wa Kiansari, alivunja jino la msichana. Ndugu zake wakaomba msamaha, wakakataliwa, na Mtume (s.a.w) akaamuru kisasi. Hakikutekelezwa kwa sababu tu jamaa za msichana waliridhika baadaye.

Kwa hiyo, tukiirudisha sharia tunayoitaja kwa fahari, wa kwanza kusimama mbele ya kadhi si kijana wa kantini. Ni sisi. Na tusijifiche nyuma ya wingi. Kundi lina dhana kwamba pigo likigawanywa kwa watu kumi, dhambi inabaki kidogo kwa kila mmoja, na ukimuuliza yeyote aliyekuwepo usiku ule atakwambia "mimi nilimpiga kofi moja tu." Khalifa Umar (r.a) aliletewa kesi ya kijana aliyeuliwa Sanaa na watu kadhaa waliopatana. Akawahukumu wote, na akasema kwamba lau watu wa Sanaa nzima wangeshiriki, angewaua wote. Jamhuri ya wanazuoni walichukua msimamo huo, na sababu waliyoitoa ni nyepesi kueleweka: kama wingi ungekuwa kinga, kila anayetaka kuua angetafuta mwenza.

Ripoti za polisi ya Uganda huhesabu mamia ya watu wanaouawa na makundi kwa mwaka. Wengi wao walipigiwa kelele ya neno lilelile.

Lakini kusema kwamba umati hauna haki ya kuadhibu ni rahisi, na ningeishia hapo ningekuwa nimekwepa swali lenyewe. Tuseme yupo hakimu mwadilifu. Adhabu ipimwe kwa nini? Kwa thamani ya kilichoibwa? Kwa maumivu ya aliyeibiwa? Kwa hatari ya jambo lenyewe likienea?

Swali hili ni la kale miongoni mwetu. Abul-Alaa al-Maarri, yule mshairi kipofu wa Sham aliyefariki 1057, aliuliza kwa kejeli: mkono ambao diya yake ni dinari 500, inakuwaje unakatwa kwa robo dinari? Ni swali zuri, hata kama muulizaji alikuwa na lake moyoni. Jibu mashuhuri ni la Kadhi Abdulwahhab al-Maliki, kwamba mkono ulipokuwa mwaminifu ulikuwa ghali, ulipofanya khiyana ukawa rahisi. Jibu hili linapendwa sana mimbarini. Mimi haliniridhishi sana, kwa sababu linazungumza kama kwamba thamani ya kiungo cha mwanadamu hupanda na kushuka sokoni kwa tabia ya mwenyewe, na tukilivuta mbali litatupa ruhusa ya kumdharau kila aliyekosea. Ni jibu zuri la kumnyamazisha mshairi.

Kuna jibu jingine walilolitaja wanazuoni, lisilo na utamu wa aina hiyo, nalo naliona lina nguvu zaidi. Diya ya mkono ingekuwa robo dinari, watu wangekatana mikono ovyo. Kiwango cha kukata kwa wizi kingekuwa dinari 500, watu wangeibiana ovyo. Kila upande umewekewa kipimo chake kulingana na kile kinacholindwa. Kwa maneno mengine, adhabu haisemi mwizi ana thamani gani. Inasema jamii inalinda nini, na inalilinda kutokana na nini. Ndiyo maana masharti ni mengi hivyo: adhabu kali inatangazwa kwa sauti kubwa, lakini utekelezaji wake unapita katika mlango mwembamba. Anayechukua sauti akaacha mlango, amechukua nusu ya dini.

Hapa ndipo ndugu mmoja wa kitivo cha sheria alinibana, na nitaleta hoja yake kwa nguvu zake zote maana ni hoja ya haki. Alisema: "Sawa. Lakini fiqhi yenu inamkata aliyevunja duka akachukua redio, na haimkati afisa aliyekula fedha za hospitali. Hiyo ni haki ya nani?"

Ni kweli. Katika hadithi ya Jabir (r.a) aliyoipokea Tirmidhi na wengine, mfanya khiyana, mporaji wa dhahiri na mnyakuzi hawana hukumu ya kukatwa mkono. Ibnul Qayyim ameeleza sababu: mwizi wa siri huvunja ulinzi ambao mtu hana cha kuongeza juu yake, ilhali mporaji wa dhahiri huonekana, na watu wanaweza kumkabili na kumshuhudia, na aliyefanyiwa khiyana alimwamini mtu kwa hiari yake. Maelezo hayo yanafaa kwa jirani uliyemwachia mbuzi wako. Kwa afisa wa serikali sioni kama yanatosha, kwa sababu mimi sikumchagua, na fedha za umma siwezi kuzifungia kufuli. Mwaka 2023 nchi hii ilishuhudia mabati yaliyokusudiwa watu maskini wa Karamoja yakiishia mikononi mwa wakubwa, na mengine yakaripotiwa kuezeka banda la mbuzi. Mkaramoja yule angeyalinda vipi?

Jibu langu ni kwamba kutokuwepo hadd si kutokuwepo adhabu. Taazir ni mlango mpana. Wapo walioshika hadithi ya Abu Burda, kwamba mtu asichapwe zaidi ya viboko kumi ila katika hadd, na wapo, kama Wamaliki, walioona hakimu anaweza kuzidisha kwa maslahi. Taazir pia si viboko peke yake: kuna kifungo, kuuzuliwa, kutangazwa mbele ya watu na kurudisha mali. Ibnul Lutbiyya alipotoka kukusanya zaka akaja na fungu akisema hili lenu na hili nimezawadiwa, Mtume (s.a.w) hakulimaliza jambo lile faraghani. Alipanda mimbari akalisema hadharani, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Hiyo ni adhabu kwa mtu mwenye cheo, inayogonga pale anapoumia, yaani heshima yake.

Hata hivyo nakubaliana na mwenzangu wa sheria kwa jambo moja. Mlango mpana unahitaji hakimu asiyeogopa. Hadd inayo faida moja ambayo taazir haina, kwamba haimtazami mtu usoni. Mwanamke wa Bani Makhzum alipoiba, watu wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume, akamuombee. Tunajua Mtume (s.a.w) alivyokasirika na alivyomtaja binti yake mwenyewe, Fatima. Sababu aliyoitoa ni kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu akiiba na kumuadhibu mnyonge. Tunaisoma hadithi hiyo kama dalili ya ukali. Ukiisoma tena utaona hasira yake ilielekezwa kwa waombezi.

Sasa turudi kantini, maana kuna habari ambayo kikao chetu hakikuiuliza.

Kijana yule alikuwa hajalipwa mshahara wa miezi miwili. Mwenye kantini, ambaye sitamtaja, halikani hilo. Alisema biashara ilikuwa mbaya wakati wa likizo na kijana "alikuwa anakula hapahapa." Mshahara wenyewe haufiki nusu ya bei ya laptopu.

Imam Malik katika Muwatta amepokea kisa cha watumwa wa Hatib waliomwiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Waliletwa kwa Umar (r.a), naye akaamuru wakatwe mikono. Kisha akasita. Akamgeukia bwana wao akamwambia kwamba anaona anawashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei. Akajibu kwamba aliwahi kukataa dirham 400. Umar akamwamuru bwana alipe 800. Malik mwenyewe anaongeza kwamba watu wa Madina hawakuifuata ile hukumu ya kulipa mara mbili, kwao inalipwa thamani ya mnyama siku aliyochukuliwa, na hilo nalitaja kwa uaminifu. Lakini tazama alivyogeuka. Kesi ilianza na watumwa kuwa washtakiwa, ikamalizika bwana akilipa. Umar huyuhuyu, katika mwaka wa ukame uitwao Aamur-Ramada, mwaka wa 18 Hijria, alisimamisha kukata mikono kabisa. Hakuifuta aya. Aliona kwamba njaa imeingia kati ya mtu na hiari yake, na hapo shubha imekaa juu ya mji mzima.

Sisemi kila mwenye njaa ana ruhusa ya kubeba laptopu. Mwenye laptopu ile naye ni mtoto wa mama muuza ndizi Masaka, utafiti wake wa mwaka mzima ulikuwa humo, na usiku ule alitetemeka kuliko mtu yeyote. Wizi ni dhulma hata ukifanywa na mdhulumiwa. Ninachosema ni kwamba hakimu mwenye fiqhi angeuliza maswali mawili, na la pili lingekuwa: nani alimfikisha hapa? Sisi hatukuuliza hata la kwanza.

Baadhi ya ndugu wataniambia: basi tungempeleka polisi tangu mwanzo, kesi ikaisha. Ndiyo, hilo ni bora mara elfu kuliko ngazi. Lakini tusidhani tukimkabidhi tumeshafanya haki. Kwa sheria za Uganda wizi wa kawaida unaweza kufikia kifungo cha miaka 10, na kabla ya hukumu yoyote kuna mahabusu. Karibu nusu ya waliomo magerezani nchini hawajahukumiwa. Katiba inampa mshtakiwa haki ya dhamana baada ya siku 60 kwa makosa yanayosikilizwa na mahakama za chini, lakini dhamana inahitaji wadhamini, na mtoto wa kijijini anayeuza chapati mjini atawatoa wapi? Kesi ya kijana wetu imetajwa mara mbili bila kusikilizwa. Hivyo anatumikia adhabu ambayo hakuna aliyeitamka.

Juu ya jambo hili kuna andiko ambalo natamani kila mwanafunzi wa sharia na wa sheria alisome. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa na kadhi mkuu wa Harun ar-Rashid, alimwandikia khalifa Kitabul Kharaj. Ni kitabu cha kodi, na katikati ya habari za kodi akamweleza hali ya wafungwa: wanatolewa wakiwa na minyororo wakaombe chakula barabarani. Akasema hilo ni aibu. Wapewe posho kutoka Baitul Mal, dirham 10 kwa mwezi, wapewe nguo za baridi na za joto, na mambo yao yaangaliwe upya, kwani wengi wamo humo bila kesi yao kutazamwa. Hii ni karne ya pili Hijria. Kadhi mkuu anamwambia mfalme mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake kwamba adhabu ni kile alichohukumiwa mtu, na kinachozidi hapo ni dhulma ya serikali.

Uganda inayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000, inayomruhusu hakimu, kwa makosa madogo yasiyozidi kifungo cha miaka miwili, kumpa mkosaji kazi ya umma badala ya jela. Kwa macho ya fiqhi hiyo ni taazir iliyokaa vizuri kabisa. Hakimu anaweza kumwamuru afanye kazi, arudishe, aombe radhi, na asilale pamoja na majambazi.

Limebaki suala la mauaji, na hapo nitapita haraka ingawa ndilo linalozua kelele zaidi darsani. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, ilisema kwamba hukumu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima, hakimu lazima awe na nafasi ya kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu. Ndugu kadhaa wanaiona hukumu ile kuwa ni ulegevu unaopinga kisasi cha Qur'an. Mimi naona kinyume chake. Aya ya 178 ya Suratul Baqara imetaja kisasi na msamaha pamoja, na aya ya 33 ya Suratul Israi imempa mamlaka walii wa aliyeuawa. Hukumu ya kifo ambayo hakuna binadamu anayeweza kuisamehe haikuwa kisasi cha Qur'an hata siku moja. Ilikuwa sheria ya Mwingereza. Kasoro iliyobaki, kwa mtazamo wetu, ni kwamba nafasi ile amepewa hakimu peke yake. Familia ya marehemu bado inakaa benchi la nyuma kama mashahidi, na siku ya mwisho inapanda basi kurudi nyumbani bila kuulizwa.

Mwenzangu mmoja kutoka Kigali aliniongezea jambo ambalo sikulipata kitabuni. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, na mahakama zao za gacaca, zilizofungwa 2012, zilipitia kesi zaidi ya 1,900,000 za mauaji ya kimbari. Aliyekiri na kuomba radhi alipunguziwa kifungo, na sehemu yake ikageuzwa kazi za umma. Nilimwambia hiyo inafanana na msamaha wetu wa kisasi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Aliyemuua mjomba wangu alisamehewa na mahakama. Bibi hakuwahi kusema amesamehe. Wanachota maji bomba moja." Sikuwa na la kumjibu. Fiqhi inasema haki ile ni ya warithi. Fiqhi haikupata kuandikiwa nchi ambayo wauaji ni wengi hivyo, na pasipo bomba jingine. Lau kila walii angedai haki yake, ni nani angebaki kuchota?

Nimependekeza mambo matatu kwa kamati yetu, na nayaandika hapa ili yajulikane. Kwanza, waliompiga kijana, na tunawajua, wachange fedha za matibabu ya meno na mkono wake. Hatuwezi kutoa diya kwa vipimo vya ngamia, lakini daktari wa meno ana bei yake na iko ubaoni. Pili, jumuiya iende kwa mwenye kantini pamoja na mwenyekiti wa LC1 kudai mishahara ile miwili, na wadhamini wawili kutoka kwetu waende mahakamani siku ya kutajwa kesi. Mwenye laptopu amekubali kuwa mmoja wao. Hakuombwa na mtu.

La tatu limepokewa kwa ubaridi. Niliomba hesabu za iftari ya Ramadhani iliyopita zisomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa, mapato na matumizi, kwa kuwa khiyana haina hadd na dawa yake ni mwanga. Nimeambiwa daftari liko kwa mweka hazina wa zamani, na kwamba nisiharakishe mambo.